Kitanzi cha Shaba na Kitanzi cha Homoni

Kitanzi ni kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mji wa mimba ili kuzuia mimba kwa miaka kadhaa. Tanzania huitwa pia lupu, na Kenya wengi husema koili. Majina hayo yanalingana na vifaa vya plastiki vilivyopindwapindwa, kama kile alichobuni daktari wa Marekani, Jack Lippes, miaka ya 1960. Vingi vya leo vina umbo la herufi T, ila majina hayo yamebaki. Kitanzi si kijiti, ambacho hupandikizwa chini ya ngozi ya mkono.

Kusema “kitanzi” tu hakutoshi, kwa kuwa zipo aina mbili zenye maudhi yanayopingana.

Kitanzi cha shaba hakina homoni. Shaba hudhoofisha mbegu za kiume zisilifikie yai. Aina ya TCu 380A hufanya kazi kwa miaka 10 au zaidi, na kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya kujamiiana bila kinga, huzuia mimba kwa dharura. Maudhi yake ni hedhi nzito, ya siku nyingi na yenye maumivu, hasa katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo.

Kitanzi cha homoni hutoa levonorgestreli kidogokidogo, na ute wa shingo ya kizazi huwa mzito. Mwanzoni damu hutoka kwa matone bila mpangilio. Baadaye hedhi hupungua au hukoma. Kukoma huko si ugonjwa, wala damu haijikusanyi tumboni. Baadhi ya wanawake huumwa kichwa au matiti, au hutoka chunusi.

Kwa hiyo mwenye hedhi nzito au upungufu wa damu hufaidika zaidi na cha homoni. Asiyetaka homoni, au aliyewahi kuugua saratani ya matiti, hufaa kutumia cha shaba.

Kwa aina zote mbili, chini ya mwanamke 1 kati ya 100 hupata mimba katika mwaka wa kwanza. Kifaa huweza kutoka chenyewe na, kwa nadra, kutoboa mji wa mimba. Hatari ya maambukizi huongezeka kidogo katika wiki 3 za mwanzo, hivyo mwenye maambukizi ya shingo ya kizazi hutibiwa kwanza. Mimba ikitunga, huenda ikawa nje ya kizazi. Maumivu makali, homa, uchafu wenye harufu mbaya au kukosekana kwa nyuzi za kitanzi ni sababu ya kurudi kliniki haraka.

Kitanzi hakikingi Virusi vya Ukimwi. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurejea mara moja.