Mbagala na Mavuno ya Mbali

Historia ya soka ya Dar es Salaam huandikwa kwa vikombe vya Simba na Yanga, watani wa Kariakoo. Mbagala, wilayani Temeke, haitajwi sana humo.

Huko ndiko ilikoanzia Mbagala Market, iliyokuja kuitwa African Lyon. Mwaka 2008 ilimlea kijana wa Mbagala, Mbwana Samatta, aliyezaliwa 1992. Mwaka 2010 alihamia Simba, na 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Januari 2016 alitawazwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani Afrika. Novemba 2019 akaifungia Genk bao la kichwa ugenini kwa Liverpool.

Na klabu iliyomlea? Ilishuka daraja 2013, ikarejea. Na 2019, mwaka ule ule wa bao la Liverpool, ikashuka ikiwa ya mwisho kati ya timu 20.

Msimamo wa ligi huhesabu pointi. Malezi hayana safu humo. Timu ifungwayo kila wiki hushawishika kuwaweka vijana benchi na kusaka wakongwe. Lakini mpanda mnazi hanywi madafu kesho yake. Aulizaye African Lyon ilishinda nini, na ahesabu pia ilichokitoa.