Jasho la uwanjani lageuzwa fedha za kupandikiza viungo

Wakenya wengi huyakumbuka Mashindano ya Riadha ya Dunia ya Beijing, Agosti 2015, kwa sababu ndiko taifa lao lilikoongoza jedwali la nishani kwa mara ya kwanza, likiwa na dhahabu 7. Nicholas Bett alishinda mbio za mita 400 kuruka viunzi, fani ambayo haikuwa desturi ya Mkenya kutamba. Wachache waliitilia maanani fainali ya mita 110 kuruka viunzi iliyofanyika katika uwanja uo huo mnamo Agosti 28. Mmarekani Aries Merritt, bingwa wa Olimpiki wa 2012 na mshikilizi wa rekodi ya dunia ya sekunde 12.80, alimaliza wa tatu kwa muda wa sekunde 13.04 huku figo zake zikifanya kazi kwa chini ya asilimia 20.

Siku nne baadaye, Septemba 1, alilazwa kwenye meza ya upasuaji nchini mwake na kupandikizwa figo aliyopewa na dada yake. Miaka miwili baada ya hapo alikuwa fainalini tena, katika mashindano ya dunia ya London ya 2017, akamaliza wa tano.

Merritt hakuwa akichangisha fedha siku ile. Lakini kisa chake kinabeba hoja ambayo kwayo michango mingi ya fedha za upandikizaji imejengwa tangu miaka ya 1970: kwamba mtu aliyepewa kiungo cha mwenzake anaweza kurudi katika maisha kamili, na kwamba hakuna njia bora ya kulithibitisha hilo mbele ya umma kuliko kumwona akikimbia, akiogelea au akipanda mlima.

Upandikizaji wenyewe si tiba kongwe. Figo ya kwanza iliyofanikiwa ilipandikizwa mjini Boston, Marekani, mnamo Desemba 23, 1954, baina ya pacha wawili wa kufanana. Daktari aliyeongoza kazi hiyo, Joseph Murray, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990. Moyo ulifuata mnamo Desemba 3, 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mikononi mwa Christiaan Barnard. Mgonjwa huyo aliishi kwa siku 18 tu. Tatizo kubwa halikuwa kushona mishipa bali mwili wenyewe, ambao hukitambua kiungo kigeni kama adui na kukishambulia. Ni dawa ya cyclosporine, iliyoanza kutumika kwa wingi mapema katika miaka ya 1980, iliyobadilisha mambo.

Kwa hivyo, mwaka wa 1978, daktari wa upasuaji Maurice Slapak alipowaalika watu waliopandikizwa figo waje kushindana mjini Portsmouth, Uingereza, wengi walidhani ni mzaha, kama si hatari. Wakati huo mgonjwa wa aina hiyo alitazamwa kama yai: asiguswe, asitoke jasho, ashukuru Mungu kwamba yu hai. Waliofika hawakutimu hata 100, wakitoka katika mataifa machache ya Ulaya na Marekani. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Michezo ya Dunia ya Waliopandikizwa Viungo.

Michezo hiyo sasa huandaliwa kila baada ya miaka miwili na huvutia washiriki kutoka makumi ya nchi. Barani Afrika ilifika mara ya kwanza mwaka wa 2013, mjini Durban. Ile ya 2021 iliyokuwa ifanyike Houston ilifutwa kwa sababu ya janga la Covid-19. Ikarejea Perth, Australia, mwaka wa 2023, kisha Dresden, Ujerumani, mwaka wa 2025. Washiriki ni waliopandikizwa moyo, ini, figo, mapafu, kongosho au uboho. Hugawanywa kwa umri, watoto kwa wazee, na kwa kawaida hutakiwa kuwa wameishi na kiungo hicho kwa mwaka mmoja au zaidi na kuwa na idhini ya daktari.

Idhini hiyo si urasimu wa bure. Moyo uliopandikizwa hukatwa neva zilizouunganisha na ubongo wa mwenyewe wa awali, na neva hizo haziunganishwi tena siku ya upasuaji. Matokeo yake ni kwamba moyo huo hauendi mbio mara tu miguu inapoanza kukimbia. Husubiri hadi homoni zifike kupitia damu. Mkimbiaji wa aina hiyo hulazimika kupasha misuli joto kwa muda mrefu kuliko wenzake, na akimaliza, moyo huchukua muda kutulia. Figo nayo haiwekwi mahali pa ile ya zamani mgongoni. Hupachikwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, ambako haina kinga ya mbavu, na ndiyo sababu madaktari wengi hukunja uso wanaposikia habari za raga au ndondi. Aidha, dawa za kutuliza kinga ya mwili huongeza hatari ya saratani ya ngozi, hivyo kofia na mafuta ya kukinga jua ni sehemu ya vifaa vya mwanariadha huyu sawa na viatu.

Fedha huingiaje basi?

Utaratibu uliokita mizizi zaidi ni ule wa Uingereza. Mtazamaji wa Kenya anayefuatilia London Marathon kwenye televisheni huwaona wenzake wachache walio mbele wakiwania ushindi, kisha huzima runinga. Nyuma yao huwa kuna makumi ya maelfu ya watu wa kawaida, wengine wamevaa mavazi ya vifaru au chupa kubwa, wanaochukua saa tano au sita kumaliza. Hao ndio kisima cha fedha. Mashirika ya hisani, yakiwemo ya wagonjwa wa figo, hununua nafasi katika mbio hizo na kumpa kila mkimbiaji nafasi moja kwa sharti kwamba atachangisha kiasi fulani kutoka kwa jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake. Serikali nayo huongeza peni 25 kwa kila pauni moja iliyotolewa na mlipa ushuru. Tangu zilipoanzishwa mwaka wa 1981 mbio hizo zimechangisha zaidi ya pauni bilioni moja kwa mashirika ya kila aina, na mwaka wa 2024 pekee zilileta pauni milioni 73.5.

Ikumbukwe kwamba nchini Uingereza upasuaji wenyewe hulipwa na huduma ya afya ya taifa. Fedha za wakimbiaji hazinunui figo wala kitanda. Huenda katika utafiti, katika ushauri nasaha kwa familia, na katika kuwafikisha watoto waliopandikizwa viungo kwenye Michezo ya Uingereza, ambako timu huwakilisha hospitali zao na hospitali moja hutaniana na nyingine kama shule za sekondari siku ya michezo.

Marekani hali ni tofauti, na inafanana zaidi na ya kwetu. Huko mgonjwa anaweza kukubaliwa kiafya lakini akakwamishwa na gharama. Katikati ya miaka ya 1980, wakazi wa mji wa Bloomington, jimbo la Indiana, walichanga fedha ili mtoto mmoja wa mtaa wao apandikizwe ini. Mtoto alifariki kabla ini halijapatikana. Fedha zilikuwa zimekwisha kuingia. Badala ya kugawana au kunyamaza, wazazi na waliowasaidia walizitumia kuanzisha chama cha kuwasaidia watoto wengine, COTA, ambacho hadi leo huzifundisha familia namna ya kuandaa matembezi, mbio na michezo ya gofu ya kuchangisha, na huzishika fedha zenyewe badala ya kuziacha katika akaunti ya mzazi.

Mabingwa pia wameyatumia majina yao. Alonzo Mourning, mchezaji wa mpira wa vikapu aliyepandikizwa figo Desemba 2003 na kutwaa ubingwa wa NBA na Miami Heat mwaka wa 2006, alianzisha hazina ya kuwafaa wagonjwa wa figo. Chris Klug alipandikizwa ini mwaka wa 2000, na miezi kama 18 baadaye akashinda nishani ya shaba ya kuteleza thelujini kwa ubao katika Olimpiki ya Salt Lake City. Wakfu wake huhimiza watu kujisajili kuwa watoaji. Katika soka, Ivan Klasnić wa Croatia alifunga mabao mawili katika Euro 2008, mwaka mmoja baada ya kupandikizwa figo ya babake, ile ya mamake ikiwa imekataliwa na mwili.

Lakini picha hizi za ushindi zina upande mwingine ambao mabango ya michango huuficha. Jonah Lomu, jitu la raga la New Zealand, alipewa figo na rafiki yake mwaka wa 2004 na akarudi uwanjani. Mwaka wa 2011 figo hiyo ilishindwa, akarejea kwenye mashine ya kusafisha damu, na Novemba 2015 akafariki akiwa na umri wa miaka 40. Figo iliyopandikizwa ina muda wake. Anayechanga akidhani ananunua uponyaji wa milele hajaelezwa ukweli wote.

Milima nayo imekuwa jukwaa, na ule wa jirani zetu umetumika zaidi ya mara moja. Mwaka wa 2001, Kelly Perkins wa Marekani, aliyepandikizwa moyo mwaka wa 1995, alifika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Machi 2022, kundi la watu wapatao 20 ambao kila mmoja alikuwa ametoa figo yake moja liliupanda mlima huo huo kuadhimisha Siku ya Figo Duniani. Safari hiyo pengine ilikuwa na maana kubwa kuliko zote, kwani swali linalowatesa jamaa wa mgonjwa si fedha peke yake. Ni: je, nikitoa yangu moja, nitaweza kufanya kazi tena?

Nchini Kenya swali hilo ni zito zaidi kwa sababu figo hutoka kwa walio hai, aghalabu ndugu wa mgonjwa. Hospitali Kuu ya Kenyatta na ile ya Rufaa ya Moi, Eldoret, zimekuwa zikifanya upasuaji huo kwa miaka mingi, lakini familia nyingi bado hulazimika kuitisha harambee, kwanza kanisani au msikitini, na tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, kupitia simu. Mfano wa michezo upo. Mater Heart Run ya Nairobi kwa miaka mingi iliwauzia wananchi fulana na kuzitumia fedha hizo kugharimia upasuaji wa moyo wa watoto kutoka familia maskini. Huo haukuwa upandikizaji, ila hesabu ni ile ile: watu wengi, kila mmoja kidogo, kwa ajili ya mtoto wasiyemjua.

Tofauti ya kimsingi ni kwamba mbio kama hizo hukusanya fedha kwa mfuko wa wagonjwa wote, ilhali harambee humlenga mmoja. Mwenye ukoo mkubwa au rafiki katika siasa hupata. Mjane asiye na mtu husubiri. Hatari nyingine ni kwamba mchango unaweza kugeuka malipo ya figo yenyewe. Sheria ya Afya ya 2017 inaharamisha biashara ya viungo, na mwaka wa 2025 serikali iliunda jopo la kuchunguza madai ya biashara hiyo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret. Tangu hapo, anayeombwa mchango ana haki ya kuuliza mtoaji ni nani na ana uhusiano gani na mgonjwa.

Kisha kuna dawa. Upasuaji huwa na tarehe, na tarehe huvuta wachangaji. Dawa za kuzuia mwili kukikataa kiungo humezwa kila siku maadamu kiungo kinafanya kazi, na hakuna anayekimbia marathon kwa ajili ya tembe za mwezi wa 37. Hata Marekani, bima ya serikali ilikuwa ikiacha kuwalipia dawa hizo wengi wa waliopandikizwa figo miezi 36 baada ya upasuaji, na baadhi walipoteza figo walizopewa kwa kukosa tembe, hadi kanuni ilipobadilishwa kuanzia Januari 2023. Kamati ya harambee inayojua kazi yake huandika tangu mwanzo mambo mawili katika kumbukumbu zake: kiasi kitakachotengwa kwa dawa baada ya mgonjwa kutoka hospitalini, na fedha zitakwenda kwa nani iwapo hatawahi kufika chumba cha upasuaji.