Jeni Zilizogeuka Tarehe

Leo tuache kuandika programu kidogo, niwape kisa cha kweli.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilitayarisha orodha ya simu za wanachama wa chama kimoja cha akiba. Nikaifungua kwenye jedwali, nikaihifadhi. Sifuri za mwanzo zote zikatoweka: 0722 ikawa 722. Ujumbe wa mkutano haukumfikia mtu. Niliona aibu, nikidhani ni ugeni wangu tu. Kumbe hata wanasayansi yamewakuta!

Jeni za binadamu zina majina mafupi. Moja iliitwa SEPT2, nyingine MARCH1. Ukiandika SEPT2 ndani ya Excel, inageuka kuwa tarehe 2 Septemba. Ukishahifadhi, jina limekwenda. Kinachobaki ni namba ya kuhesabu siku.

Onyo lilitolewa mapema. Mwaka 2004 Barry Zeeberg na wenzake walilieleza tatizo hili katika jarida la BMC Bioinformatics. Wachache walisikia.

Mwaka 2016 Mark Ziemann na wenzake wawili huko Australia wakaamua kupima. Waliandika programu ndogo ya kupakua faili 35,175 zilizoambatanishwa na makala za majarida 18, za miaka ya 2005 hadi 2015. Programu ilitafuta orodha za jeni, kisha ikachungulia kama kuna tarehe katikati ya majina. Kati ya makala 3,597 zenye orodha hizo, 704 zilikuwa na makosa. Yaani karibu moja katika kila tano! Utafiti uliofuata mwaka 2021 ulikuta asilimia 30.9.

Je, hasara iko wapi? Anayekusanya orodha hizo kutafuta jeni zinazojirudia katika ugonjwa fulani hataiona SEPT2. Imepotea kimya kimya, wala kompyuta haitamwambia.

Mwaka 2020 kamati ya HGNC, inayotoa majina ya jeni za binadamu, ilisalimu amri: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Microsoft iliongeza njia ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023. Jeni zilibadilishwa majina kabla ya programu kurekebishwa!

Lakini kumbuka jambo moja: makosa hayo yalihesabika kwa sababu faili zilikuwa wazi kwa kila mtu. Zangu za chama zilikaa kwangu, na hakuna aliyenikosoa hadi siku ya mkutano.