JINA LA MTOTO: BABU, MTAKATIFU AU JINA JIPYA?



Wapendwa taifa la Mungu, kila mwaka mwezi wa Juni Kanisa linatuwekea mbele sikukuu mbili zinazotupa nafasi ya kutafakari juu ya jina la mtoto. Tarehe 3 tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake. Tarehe 24 tunaadhimisha kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, mtoto ambaye jina lake lilizua ubishi kabla hajafikisha siku tisa duniani. Tumeona vema juma hili tulitafakari jambo hilo kwa njia ya historia, kwa sababu ni jambo linaloleta machozi ya kweli katika familia zetu. Vijana wetu wanaoana kutoka makabila mbalimbali, na wengine kutoka nchi mbalimbali. Mtoto anapozaliwa, ukoo wa baba una jina lake, ukoo wa mama una jina lake, nao wazazi wakati mwingine huja kuandikisha ubatizo wakiwa na jina la tatu ambalo pande zote mbili hazijapata kulisikia. Bibi ananuna, babu hahudhurii ubatizo, na paroko anaombwa aamue. Je, Kanisa limefundisha na kutenda nini juu ya jambo hili tangu mwanzo?

Tuanze nyumbani kwa Zakaria na Elizabeti. Mwinjili Luka anatusimulia (Lk 1:57-66) kwamba siku ya nane majirani na jamaa walikuja kumtahiri mtoto, nao walitaka kumpa jina la baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohane. Jamaa wakamjibu kwa hoja ambayo hata leo tunaisikia: katika ukoo wenu hakuna mtu mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba kwa ishara, bila shaka wakitumaini kwamba yeye atauokoa ukoo. Zakaria, aliyekuwa bubu, akaomba kibao akaandika jina lilelile alilosema mkewe, na hapo ulimi wake ukafunguka. Tutazame mambo mawili. Kwanza, jamaa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatetea desturi njema ya kuhifadhi jina la mzee. Pili, jina lile geni halikuwa mchezo. Yohane maana yake ni kwamba Bwana ni mwenye neema, na wazazi walilichagua kwa kumtii Mungu, wakiwa na umoja kati yao wawili.

Desturi hiyo ya jamaa wa Zakaria tunaifahamu vizuri sisi Waafrika. Kwa jirani zetu Wakikuyu wa Kenya, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Ndivyo ilivyo pia kwa mabinti na bibi zao. Kwa Wajaluo, mtoto aliyezaliwa usiku huitwa Otieno au Atieno, na aliyezaliwa wakati wa mvua Okoth au Akoth, tena huweza kupewa jina la ndugu aliyefariki. Mkikuyu na Mjaluo wakioana, desturi mbili zilizo njema kila moja kwao zinakutana juu ya kitanda kimoja cha mtoto. Upande mmoja unasema babu arudi kwa jina lake, upande wa pili unauliza mtoto alizaliwa saa ngapi. Hakuna upande ulio na kosa. Ndiyo maana haifai upande wowote kudai kwamba desturi yake peke yake ndiyo ya Kikristo.

Tukirudi katika Kanisa la mwanzo tutashangaa. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba Wakristo wa kwanza walipobatizwa waliyatupa majina yao ya zamani. Haikuwa hivyo. Mtume Paulo, katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi, anawataja Febe na Herme, na katika barua kwa Wakorintho anamtaja Apolo. Majina hayo yote yalihusiana na miungu ya Wagiriki, na Paulo hakuwaagiza wayabadili. Jina Martini linatokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Isidori maana yake ni zawadi ya Isis, mungu wa kike wa Misri. Dionisi ni wa Dioniso, mungu wa divai. Hata jina Monika, la mama yake Mtakatifu Agostino, wataalamu wengi wanalihusisha na Mon, mungu aliyeabudiwa na wenyeji wa Afrika ya Kaskazini. Leo mama akimleta binti yake aitwe Monika, nani kati yetu atasema kwamba jina hilo ni la kipagani? Utakatifu wa waliolibeba ndio uliolibatiza.

Hata hivyo waamini walianza mapema kupenda majina ya watakatifu. Katika karne ya 3 Askofu Dionisi wa Aleksandria, ambaye mwenyewe alibeba jina la asili ya kipagani, alieleza kwamba waamini wengi waliwaita watoto wao Paulo na Petro kwa heshima ya mitume hao. Mwaka 533 padre mmoja wa Roma aliyeitwa Mercurius alichaguliwa kuwa Papa. Aliona haifai mwandamizi wa Petro aitwe kwa jina la mungu wa Warumi, akajiita Yohane II. Karne nyingi baadaye Katekisimu iliyotolewa mwaka 1566 baada ya Mtaguso wa Trento ilishauri mtoto apewe jina la mtakatifu, ili apate mfano wa kuiga na mwombezi mbinguni. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni 761, zilimtaka paroko ahakikishe kwamba mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, yeye aongeze jina la mtakatifu juu ya jina walilochagua, na yote mawili yaandikwe katika daftari la ubatizo.

Tuitazame kanuni hiyo kwa makini. Haikusema jina la wazazi lifutwe. Ilisema liongezewe, tena yote mawili yaandikwe. Lakini katika nchi zetu, ambako wamisionari walifika na kalenda ya watakatifu iliyojaa majina ya Ulaya, mazoea yalizidi sheria. Watu wengi walielewa kwamba jina la Kizungu ndilo la Mungu, na lile la nyumbani ni la shetani, au angalau ni la kuficha mbele ya padre. Baadhi ya wazee wetu wanaishi na mawazo hayo hadi leo. Ndio wanaoshtuka kijana wao anapotaka mtoto abatizwe kwa jina la Kiafrika.

Kwao Mashahidi wa Uganda wana jibu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, kifo kikiwa karibu, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, akiwemo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni Lwanga na Kizito na wenzao wengi walichomwa moto Namugongo. Tukiisoma orodha ya mashahidi 22 Wakatoliki tunakuta wengi wana majina mawili: Karoli Lwanga, Matiya Mulumba, Yosefu Mukasa. Lakini wapo wanaotajwa kwa majina ya Kiganda tu, wakiwemo Kizito, Gyavira, Mugaga na Mbaga Tuzinde. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza wote kuwa watakatifu. Hakuna aliyeambiwa kwamba jina lake halitoshi kuandikwa katika orodha ya watakatifu wa Kanisa zima.

Tena tufikirie jina Mukasa. Katika dini ya jadi ya Baganda, Mukasa ni roho mkuu wa ziwa lile tunaloliita Viktoria. Yosefu Mukasa Balikuddembe alilibeba jina hilo hadi alipouawa tarehe 15 Novemba 1885, akiwa wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki. Lililotokea kwa Martini na Isidori kule Ulaya limetokea pia kwetu. Na hapa Tanzania, Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alipewa na wazazi wake jina la roho wa mvua wa Wazanaki. Alipobatizwa tarehe 23 Desemba 1943 aliongezewa Julius, na Kambarage hakulitupa. Leo wazazi wasio Baganda, katika nchi nyingi, huwaita watoto wao Kizito na Lwanga. Jina lililokuwa la nyumba moja limekuwa la Wakristo wote.

Tusifikiri lakini kwamba kila jina lina historia ya furaha. Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, mnamo mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, na kwa mateso aliyoyapata alilisahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Shina lake ndilo lililotupatia sisi Waswahili neno bahati. Walimpa jina hilo watekaji wake. Alipobatizwa huko Venezia tarehe 9 Januari 1890, alipewa majina Giuseppina Margherita Fortunata. Fortunata ni Bakhita kwa lugha nyingine, yaani mwenye bahati. Jina alilopewa kwa dhihaka lilipita katika maji ya ubatizo likatoka lina maana ya kweli. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na ulimwengu wote unamwita Bakhita. Hata hivyo jina la kwanza, lile la mama yake, hakuna anayelijua. Mfano huu utufundishe sisi wazazi na walezi kwamba kumnyima mtoto jina la kwao ni kumwondolea kitu ambacho pengine hataweza kukirudisha.

Yapo pia makosa ya upande wa pili. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire, nchi tunayoiita leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliwaamuru raia wake waache majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika. Mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa aligombana na serikali juu ya siasa hiyo, akaondolewa nyumbani kwake, akaishi Roma kwa muda. Naye Malula hakuwa adui wa mambo ya Kiafrika. Alikuwa mmoja wa waliohangaika zaidi ili Misa iadhimishwe kwa roho ya Kiafrika, na juhudi hizo zilizaa matunda Roma ilipoidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire mwaka 1988. Alichokikataa ni dola kuingia katika jambo la wazazi na Kanisa. Jina la Kiafrika linalolazimishwa kwa amri linaumiza sawasawa na jina la Kizungu linalolazimishwa kwa hofu.

Basi Kanisa linatuagiza nini leo? Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni 855, zinawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto hapewi jina lililo kinyume cha hisia za Kikristo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2156) inaeleza kwamba jina la ubatizo laweza kuwa la mtakatifu, au kutaja fumbo au fadhila ya Kikristo. Kwa hiyo Neema, Tumaini na Upendo yamo ndani ya utaratibu huo. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wana majina kama Habimana, linalokiri kwamba Mungu yupo, na Hakizimana, kwamba Mungu ndiye aponyaye. Mtoto wa huko anapoitwa, imani inatamkwa.

Wapendwa wazazi mliotoka mataifa au makabila mawili, tunawashauri hivi. Kabla ya kuja kuandikisha, kaeni ninyi wawili kwanza mkubaliane, kama Elizabeti na Zakaria. Jina likiwa geni, mjue maana yake katika lugha zote mbili za wazee wenu, maana neno lililo tamu upande mmoja laweza kuwa tusi upande wa pili, na atakayechekwa shuleni ni mtoto, si ninyi. Nendeni mkawaeleze wazee kwa heshima kabla ya siku ya ubatizo, wasilisikie kwa mara ya kwanza kanisani. Kama inawezekana, jina la ukoo lipate nafasi yake pia, kwa kuwa daftari letu lina nafasi ya zaidi ya jina moja. Jina lililochukuliwa kwa sababu tu ni la mchezaji au mwanamuziki maarufu mwaka huu, mlifikirie mara ya pili. Mwombeeni mtoto mwombezi mbinguni, nanyi mumfundishe habari zake.

Nanyi babu na bibi, tunawaomba msiifanye siku ya ubatizo kuwa siku ya kesi. Jamaa wa Zakaria walipinga, lakini Luka anatuambia kwamba mwishowe walistaajabu, na wote waliosikia wakajiuliza mtoto huyu atakuwa wa namna gani. Swali hilo ndilo tunalopaswa kubaki nalo juu ya kila mtoto anayeletwa kisimani, liwe jina lake limesikika katika ukoo au halijasikika.

Mashahidi wa Uganda na Mtakatifu Yosefina Bakhita watuombee. Mungu azibariki familia zenu.