Maji yanayojizungusha: kutoka mashine ya kusaga hadi kompyuta isiyo na feni

Hadi umeme wa gridi ya Taifa ulipofika Songea mwaka 2018 kupitia njia ya Makambako, mashine nyingi za kusaga katika vijiji vya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa ziliendeshwa kwa dizeli. Mlio wake ulivuka mabonde. Aliyekuwa na debe la mahindi hakuhitaji kuuliza kama mashine imewashwa. Kando ya injini hizo, hata hivyo, mara nyingi palisimama kitu kisicho na sauti yoyote: pipa la maji lililounganishwa na injini kwa mabomba mawili, moja juu na jingine chini. Halikuwa na pampu wala feni. Bila pipa hilo injini ingeungua kabla gunia la kwanza halijaisha.

Kanuni ya pipa hilo ndiyo inayotumiwa leo na baadhi ya mafundi wanaojijengea kompyuta za nyumbani zisizotoa sauti. Tofauti ni ukubwa tu. Badala ya silinda ya chuma kuna prosesa yenye upana wa vidole viwili, na badala ya pipa kuna rejeta iliyowekwa juu ya meza.

Injini iliyofundisha vijiji

Mwaka 1929 kampuni ya R. A. Lister ya mji wa Dursley, Uingereza, ilianza kuuza injini ya dizeli iliyokuwa nzito, ya silinda moja, iliyozunguka taratibu, mara 600 hivi kwa dakika. Ilisambaa katika mashamba ya dola nzima ya Waingereza, na baadaye viwanda vya Rajkot, India, vikaiga muundo wake na kuendelea kuuza nakala hata baada ya Waingereza wenyewe kuacha kuitengeneza katika miaka ya 1980. Afrika Mashariki iliipokea kwa kazi mbili kubwa: kusaga nafaka na kusukuma maji.

Upoozaji wake ulikuwa rahisi kuuelewa. Maji yaliyozunguka silinda yakipata moto hutanuka, huwa mepesi na kupanda kupitia bomba la juu hadi kwenye pipa. Humo hupoteza joto kwa hewa, huwa mazito, hushuka na kurudi kwenye injini kwa bomba la chini. Moto wenyewe ndio unaoyasukuma maji. Injini ikizidi kuchemka, mzunguko nao unaongezeka.

Lister hawakuwa wa kwanza. Henry Ford alipoanza kuuza gari la Model T mwaka 1908, magari kama 2,500 ya mwanzo yalikuwa na pampu ya maji. Kisha pampu ikaondolewa, na mamilioni yaliyofuata hadi 1927 yalipozwa kwa maji yanayojizungusha yenyewe. Pampu ni kifaa kinachoweza kuharibika, na Ford alikuwa akiwauzia wakulima walioishi mbali na gereji.

Joto linaingia kwenye chumba cha hesabu

Kompyuta ni jiko bila kukusudia. Karibu umeme wote unaoingia hutoka kama joto. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia, Marekani, Februari 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na ilikula takriban kilowati 150. Ilihitaji mapangaboi makubwa ili isijiunguze.

Tanzania iliingia katika habari hii mwaka 1965, Wizara ya Fedha ilipofungiwa kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500. Mashine za kizazi hicho zilijaza chumba na zilitaka kiyoyozi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo kompyuta iliyokuja kuenea nchini ni ile ndogo ya mezani, yenye feni nyuma.

Huko nje, wakati huohuo, maji yalikuwa yameshaingia. Kampuni ya IBM ilitumia maji kupoza kompyuta yake ya System/360 Model 91, iliyoanza kufikia wateja mwaka 1967. Mwaka 1980 ikatangaza 3081, ambayo vipande vyake vilifungwa pamoja na kupozwa kwa maji baridi yaliyopita juu yake. Mbunifu wa kompyuta Seymour Cray alikwenda mbali zaidi: katika Cray-2 ya mwaka 1985, sakiti zote zilizamishwa ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme.

Sababu ya kukimbilia maji ni ya kifizikia. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa kwa ongezeko lilelile la nyuzi joto. Lakini maji huja na mabomba, kutu na hofu ya kuvuja. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1990, aina nyingine ya transista, iliyotumia umeme kidogo, ilipoenea, kompyuta kubwa zilirudi kwenye hewa. Mwaka 2008 IBM ikarudisha maji katika Power 575. Leo kabati moja la Nvidia la kuendeshea akili unde hutumia takriban kilowati 120, karibu sawa na ENIAC nzima, na hupozwa kwa kimiminika. Historia hii haijawahi kwenda upande mmoja: prosesa zikipata moto, maji hurudi, zikipoa, hewa hutosha.

Vita vya feni nyumbani

Mojawapo ya kompyuta za kwanza kupendwa majumbani, Apple II ya mwaka 1977, haikuwa na feni. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alichukia kelele ya feni. Apple III ya mwaka 1980 nayo ikatolewa bila feni, na joto likawa mojawapo ya matatizo yaliyoiharibia jina. Macintosh ya 1984 pia haikuwa nayo. Uamuzi uliofaulu katika mashine moja ukaiponza nyingine, kwa sababu kimya hakipatikani kwa kung'oa feni tu. Lazima kwanza joto lipewe njia nyingine ya kutokea.

Kufikia 2004, prosesa za Pentium 4 zilikuwa zimevuka wati 100, na kompyuta za mezani zilivuma kama jokofu bovu. Mwaka huohuo Apple iliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminika. Kampuni ya Zalman ya Korea Kusini nayo ilikuwa sokoni na Reserator, mnara wa alumini wenye mapezi, urefu wa sentimita 60 hivi, uliobeba lita mbili na nusu za maji. Ulikuwa na pampu ndogo ndani lakini haukuwa na feni. Mapezi yaliachia joto chumbani polepole. Kwa wapenda kimya, huo ndio uliokuwa mfano wa kuiga, na wengi walijaribu kuujenga wenyewe kwa rejeta za magari.

Maji mengine yaliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1963 George Grover, katika maabara ya Los Alamos, alitengeneza bomba lililozibwa pande zote, lenye kimiminika kidogo kinachochemka upande wa moto na kugeuka kuwa kimiminika tena upande wa baridi. Kompyuta mpakato nyingi za leo zina bomba la shaba la namna hiyo, na ndani yake kuna matone machache ya maji. Anayeogopa kuchanganya maji na kompyuta huenda ameyabeba begani miaka yote.

Kwa nini kompyuta isiyo na feni inafaa Mbinga

Kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, ndiko uliko mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, ulioanza uzalishaji mwaka 2011. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilikuwa na hisa asilimia 30 katika kampuni ya mradi huo. Malori ya makaa hupita, na kiangazi vumbi hufuata. Kwa kompyuta, vumbi ni adui mkubwa kuliko jua. Feni huvuta hewa saa zote, na hewa ikiwa na vumbi, mapezi huziba, joto hupanda, feni huzidi kasi na hatimaye hukwama. Kisanduku kisicho na feni hakinyonyi kitu.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Nyanda za juu za Umatengo, wilayani humo, hupata baridi kali Juni na Julai, na rejeta ya maji hufanya kazi kwa tofauti kati ya joto lake na la chumba. Mbamba Bay, kwenye usawa wa Ziwa Nyasa, mita 470 hivi kutoka usawa wa bahari, ni mahali pa joto. Huko rejeta itahitaji eneo kubwa zaidi.

Anayetaka kujenga azingatie mambo machache. Rejeta ikae juu ya prosesa, kama bomba la juu la pipa lilivyokuwa juu ya silinda, maana maji ya moto hayashuki yenyewe. Mabomba yawe mapana, mafupi na yasiyo na kona wala mahali pa hewa kunasa: maji yakitoka nyuzi 30 hadi 50, uzito wa kila lita hupungua kwa chini ya asilimia moja, na nguvu hiyo ndogo ndiyo pekee inayoyasukuma. Ili kuondoa wati 100 maji yakiwa yamezidi hewa kwa nyuzi 20, linahitajika eneo la bati la nusu mita ya mraba au zaidi. Yatumike maji ya betri, siyo asidi yake, kwa kuwa maji ya bomba huacha chokaa. Shaba na alumini zisichanganywe katika mzunguko mmoja, alumini italiwa. Na kabla ya kuwasha, mfumo ujazwe maji na kuachwa siku nzima juu ya karatasi kavu, ili tone lolote lionekane.

Hata hivyo kuna njia rahisi zaidi. Raspberry Pi ya kwanza, kompyuta ndogo ya mwaka 2012, ilikula chini ya wati 5 na haikuhitaji feni wala maji. Paneli ndogo ya jua huitosha. Kwa shule ya kata inayotaka wanafunzi waandike, wajifunze programu na wasome maktaba iliyohifadhiwa kwenye kadi, mashine ya namna hiyo inafaa kuliko kompyuta kubwa iliyochakaa ya msaada, yenye feni mbili na vumbi la miaka kumi.

Maji yaachiwe kazi nzito: kuhariri video, kuchora ramani, kuchakata picha za setelaiti. Hapo fundi wa Mbinga asidhani anaanza na elimu ngeni. Mzee aliyewahi kusimamia mashine ya kusaga ya dizeli anajua tayari bomba lipi liwe juu na kwa nini pipa lisipungue maji. Walimu wa kompyuta na wa vyuo vya ufundi mkoani Ruvuma wamwite darasani akaeleze.