Pikipiki ya majini ipi inafaa Ziwa Nyasa?

MNUNUZI wa pikipiki ya majini kwa kawaida huanza na swali la mwendo: inakimbia kiasi gani? Kwa mtu anayekusudia kuitumia katika ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kati ya mdomo wa Mto Songwe na vijiji vilivyo chini ya milima ya Livingstone, swali hilo lingefaa kuulizwa mwisho. La kwanza ni hili: upepo wa mchana ukianza kuvuma, chombo hicho kitamrudisha nchi kavu?

Sababu ya kutanguliza swali hilo ni ziwa lenyewe. Nyasa lina urefu unaozidi kilometa 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Kyela iko kwenye ncha yake ya juu. Kati ya mwezi Mei na Agosti huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao watu wengi wa ziwa hili huuita mwera. Upepo huo huyasukuma maji kwa mamia ya kilometa bila kizuizi, na mawimbi yanayozaliwa mbali kusini huja kumalizia nguvu zake Matema, Itungi na Kiwira. Si mawimbi marefu ya bahari yanayopanda na kushuka taratibu. Ni mafupi, yamesimama, na yanafuatana kwa karibu, kiasi kwamba chombo kidogo hakijamaliza kushuka wimbi moja kabla ya omo yake kugonga jingine.

Anayedhani haya ni maneno ya kutisha watu na akumbuke MV Vipya. Meli hiyo ya abiria, iliyokuwa mpya kabisa, ilizama katika dhoruba ya Julai 1946 upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa, katika Nyasaland ya wakati huo. Watu 145 walikufa. Ikiwa meli ilishindwa, chombo chenye urefu wa meta tatu kinastahili kuchaguliwa kwa uangalifu.

Pikipiki ya majini haina rafadha inayoning'inia nje wala usukani ulio ndani ya maji. Injini huzungusha pangaboi lililo ndani ya bomba. Maji hufyonzwa kutoka chini ya chombo na kutupwa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Mpandaji akikata kona, kinachogeuka ni mdomo huo. Maana yake ni kwamba chombo hutii pale tu maji yanapotupwa. Ukiachia mafuta kwa hofu, usukani unakufa, na chombo kinaendelea kwenda kulekule kilikokuwa kinaelekea, hata kama mbele yake kuna mtumbwi. Ajali za vyombo hivi zinaweza kutokana na jambo hili, kwa kuwa mwendesha pikipiki wa barabarani amezoea kwamba kupunguza mwendo ndiyo salama yake.

Watengenezaji wamejaribu kulitatua. Kampuni ya BRP, inayotengeneza Sea-Doo, ilileta breki ya majini mwaka 2009, na Yamaha ikafuata na mfumo wake wa RiDE kwa matoleo ya mwaka 2015. Katika mifumo yote miwili bamba hushuka nyuma ya mdomo wa pampu na kuyageuza maji, hivyo chombo hupunguza mwendo na huweza kurudi nyuma. Kwa maji yenye mitumbwi mingi kama ya Kyela, kifaa hiki kina thamani kuliko nguvu za farasi 100 za ziada. Asiyeweza kugharimia zaidi ya kitu kimoja achague breki.

Jambo la pili katika utii wa chombo ni umbo na uzito. Zipo pikipiki nyepesi za karibu kilo 200, mfano Sea-Doo Spark, na zipo za watu watatu zenye uzito wa kati ya kilo 300 na 400. Nyepesi ni rafiki wa mfuko na hucheza vizuri maji yakiwa yametulia, asubuhi ya saa mbili pale Matema. Saa tisa alasiri ya mwezi Julai ni habari nyingine. Hapo kinachotakiwa ni mwili mrefu, mzito, wenye tumbo lililochongoka kwa kina ili kukata wimbi badala ya kulirukia. Pikipiki ya watu watatu ikipandwa na mtu mmoja au wawili hukaa imara zaidi kuliko ya watu wawili iliyojazwa. Nyingi za watu watatu huandikwa uwezo wa kubeba kilo 220 hadi 270. Watu wazima watatu wenye miili mikubwa, pamoja na mizigo yao, wanaweza kuufikia uzito huo kabla hata ya kuondoka ufukweni.

Kuhusu starehe hakuna mengi ya kusema. Kiti kiwe na ngazi, wa nyuma akae juu kidogo kuliko wa mbele. Mahali pa kuweka miguu pawe na zulia lisiloteleza, kwa maana katika mawimbi mpandaji husimama na kukunja magoti kama mtu anayepanda farasi. Kilicho muhimu zaidi, na ambacho wauzaji hukitaja mwisho, ni ngazi ya kupandia kutoka majini. Aliyeanguka na kuchoka hawezi kujivuta juu ya tezi lililo laini na lenye maji. Chombo kikipinduka, kipo kibandiko nyuma kinachoonyesha upande wa kukigeuzia. Kukigeuza kwa upande usiotakiwa ni kuyaingiza maji katika injini.

Suala la kutegemewa ndilo linalotaka maelezo marefu zaidi, na hapa jiografia ya Kyela inaingia moja kwa moja.

Wilaya hii ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikiwa imebeba udongo na mchanga, na kuutua ziwani. Bandari ya Itungi imesumbuliwa na mchanga huo kwa miaka mingi, na ni moja ya sababu za shughuli za meli kuhamia Kiwira. Sasa fikiria chombo ambacho pumzi yake ni kufyonza maji kutoka chini. Katika maji yenye kina kisichofika sentimeta 90, pampu hunyonya mchanga, changarawe, matete na vipande vya nyavu. Mchanga hula pete ya ndani ya pampu na kuchubua ncha za pangaboi, na chombo kinaanza kupoteza mwendo ingawa injini inalia kwa sauti ileile. Katika midomo ya mito, kwa hiyo, pikipiki ya majini haina kazi. Na kwa kuwa huko ndiko pia kwenye mamba, hakuna anayepata hasara kwa kukaa mbali.

Namna injini inavyopoozwa nayo inahusika. Pikipiki za Yamaha na Kawasaki huyapitisha maji ya ziwa ndani ya injini, yakapooza na kutoka. Sea-Doo hutumia maji maalumu yanayozunguka ndani ya mfumo uliofungwa, kama katika gari, na maji ya ziwa hupooza ekzosi tu. Kwa maji ya matope baada ya mvua za Aprili, mfumo uliofungwa una faida yake. Kwa upande mwingine, injini za kawaida za Yamaha zina sifa ya kudumu na zimetengenezwa kwa namna rahisi, na jina la Yamaha si geni kwa mafundi wa injini za boti. Mwandishi wa makala haya angechagua urahisi wa matengenezo. Fundi aliye Mbeya ni bora kuliko mfumo mzuri ambao vipuri vyake vinasubiriwa kutoka ng'ambo.

Injini zenye kifaa cha kusindilia hewa, zile zinazotajwa kuwa na nguvu za farasi 200 na zaidi, ziachwe. Zinataka petroli ya daraja la juu, matengenezo ya karibu na fundi mwenye vifaa maalumu. Zikikimbizwa kwa nguvu zote zinaweza kukausha tangi la lita 60 au 70 kwa muda wa saa moja hivi, na katika ufukwe huu hakuna kituo cha mafuta kinachoelea. Kanuni ya wanamaji ni theluthi tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Kwenye mwera, hiyo ya akiba hutumika.

Anayetafuta iliyotumika atakutana kwanza na zile zilizofanya kazi pwani: Zanzibar, Dar es Salaam au Mombasa. Maji ya Nyasa ni baridi kwa chuma, hayana chumvi, lakini chumvi iliyokwisha kuingia katika mashine huko Nungwi husafiri nayo mpaka Kyela. Fungua kiti utazame boliti, viungio vya nyaya na chini ya injini: unga wa kijani au mweupe ni dalili ya kutu ya shaba na aluminiamu. Tazama mafuta ya injini. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Soma saa ilizofanya kazi, kisha ulizia kumbukumbu za matengenezo. Huduma ya kwanza hufanyika baada ya saa 10 hadi 50, kutegemea kampuni, na baadaye kila saa 100 au kila mwaka. Mashine za kukodishia watalii hufikisha saa hizo haraka, na si kila mwenye nazo anaandika.

Kabla ya kulipa, ipo hoja ambayo haizungumzwi madukani. Kwa matumizi mengi ya ufukwe huu, pikipiki ya majini si chombo chenyewe. Mashariki ya Matema milima ya Livingstone inashuka hadi majini, na kuelekea upande wa Ludewa kuna mwambao mrefu wenye mahali pachache pa kutua. Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi, hufikiwa kwa maji au kwa njia ya miguu. Vyungu vyake huletwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema. Mgonjwa wa huko hawezi kukalishwa nyuma ya pikipiki ya majini. Anayenunua chombo kwa ajili ya familia, zahanati au biashara anunue boti ya mbao au ya faiba yenye urefu wa meta sita au saba, na injini ya kupachika nyuma ya nguvu za farasi 15 hadi 40. Itakwenda polepole, lakini itabeba watu wanane, jaketi okozi zao na galoni la mafuta, na ikizimika itavutwa kwa kasia. Pikipiki ya majini ikizimika huwa boya.

Hata mtumbwi wa gogo una la kufundisha. Ule wa Nyasa huchongwa mdomo ukiwa mwembamba kuliko tumbo, ili wimbi likipiga ubavuni maji yasiingie kwa wingi. Aliyeuchonga hivyo alikuwa akilijibu swali lilelile la mawimbi mafupi.

Chombo chenye injini kinatakiwa kusajiliwa na kukaguliwa na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kurithi kazi za usalama wa majini zilizokuwa za SUMATRA. Jaketi okozi ni kwa kila aliyepanda, si kwa wageni tu. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye mkono au jaketi la dereva, ili akianguka chombo kisimame na kumsubiri. Pikipiki hizi hazina taa za safarini, kwa hiyo zisitumike usiku, wakati wavuvi wa usipa wapo majini na nyavu zao zimetandazwa. Upande wa magharibi, mtu asivutwe na maji matulivu hadi ng'ambo ya mdomo wa Songwe. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Malawi inasema unafuata ufukwe wa Tanzania, kwa mujibu wa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Mzozo huo hautatuliwi na mtu aliye juu ya pikipiki bila hati ya kusafiria.

Majaribio ya kununua yafanywe ziwani, chombo kikiwa na abiria wawili. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) usomwe kwanza, na uchaguliwe mchana wenye upepo wa wastani, si asubuhi. Dereva akate kona kulia na kushoto akiwa na mwendo, aachie mafuta aone chombo kinakwenda umbali gani kabla ya kusimama, kisha azime injini, ajitupe majini akiwa na jaketi na kupanda tena mwenyewe, mara tatu mfululizo. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo aachiwe mashine yake.