Mhariri aliyeuliza, mshairi aliyejibu

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili alinijia amenuna. Shairi lake lilikuwa limekataliwa na jarida fulani. "Prof, kukataliwa si hoja," akaniambia. "Wangeniambia tu kwa nini."

Nikamsimulia kisa cha Harriet Monroe. Mama huyu alianzisha jarida la Poetry jijini Chicago mwaka wa 1912, na barua alizoandikiana na washairi wa Marekani ni shule tosha. Ni Ezra Pound, akiwa London, aliyemsukuma kwa barua hadi Juni 1915 akachapisha shairi la kijana asiyejulikana, T.S. Eliot. Mwaka huo huo alichapisha beti tano tu kati ya nane za 'Sunday Morning' la Wallace Stevens. Stevens alikubali, lakini alipotoa diwani yake mwaka wa 1923 alizirejesha zote.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha 1926. Hart Crane alimpelekea shairi kuhusu kaburi la Herman Melville, mwandishi wa riwaya ya Moby-Dick. Monroe hakulielewa. Angeweza kulitupa kapuni, yaishe. Badala yake alimwandikia na kumuuliza waziwazi: mifupa ya wafu inawezaje kuwa dadu, tena dadu zenye ujumbe?

Crane akajibu kwa kirefu. Bahari huisaga mifupa ya mabaharia waliozama ikawa vipande vidogo. Watu hao walikufa kabla ya kusimulia waliyoyaona, kwa hiyo mifupa hiyo ndiyo habari pekee inayofika ufuoni. Isitoshe, alisema, sitiari ina mantiki yake, haipimwi kwa mizani ya hoja za kawaida.

Je, Monroe alishawishika? Wapi! Hata hivyo, Oktoba 1926 alilichapisha shairi pamoja na barua zao, msomaji ajiamulie. Sisi tuliolelewa na malumbano ya washairi magazetini tunaijua ladha ya jambo hilo: swali hadharani, jibu hadharani.

Mwaka wa 1932 Crane alijitupa baharini kutoka melini katika Ghuba ya Mexico. Mwili wake haukupatikana. Maelezo yake kuhusu mifupa na dadu tunayo leo kwa sababu mhariri mmoja aliuliza.

Wahariri wenzangu, mkilikataa shairi, andikeni japo mistari miwili.